Maji Yaliyomfuata Mwau

Haya yalimpata Kamene, jirani yetu wa mtaa wa Theta, karibu na Thika, kama alivyotusimulia mwenyewe kabla hajauza ploti na kuhama.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi. Alikuwa amelisha kuku, akateka maji kisimani na kuinjika chai yake na ya mumewe, Mwau. Alipotia maziwa, chai ikakatika, ikawa mabonge. Akamlaumu muuza maziwa, akapika nyingine kwa maziwa ya paketi. Nayo ikakatika. Alipofua shati jeupe la Mwau sabuni ilikataa kutoa povu, na shati lilipokauka kwenye kamba lilikuwa na rangi ya kutu.

Kisima kile cha futi sitini kilisifika mtaa mzima. Mwau alikichimbisha walipojenga, miaka minne nyuma, na majirani walichota bure. Kamene akaenda kumwuliza jirani aitwaye Mwanarusi, mama wa nyumba ya pili, ambaye alikuwa ameteka asubuhi ile ile. Mwanarusi akamkaribisha chai, na chai ilikuwa nzuri. Wakateka ndoo moja pamoja, wakagawana nusu kwa nusu. Nusu ya Mwanarusi ilibaki maji. Nusu ya Kamene ilipofika mlangoni kwake ilikuwa imeshikwa na ute wa rangi ya chungwa.

Mwau alisomea kupima maji. Alitoa karatasi ya kupimia kwenye mkoba wake wa zamani, akaichovya, ikawa nyekundu, dalili ya maji yenye asidi. Alimwambia mkewe asimwambie mtu. Kilichomtia Kamene wasiwasi ni kwamba mumewe hakuuliza swali hata moja.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Kamene alirudi kuteka. Kamba ikawa nzito. Kutoka chini hakusikia maji. Alisikia chuma kikigonga mwamba. Ngo. Ngo. Ngo. Kikanyamaza. Kisha sauti ya bikizee, ya upole, kwa Kikamba cha Kitui, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Mwambie aonje."

Kamene aliachilia kamba. Alingoja ndoo igonge maji. Haikugonga.

Siku hiyo hiyo walikimbilia Kiandutu, mtaa wa mabanda huko Thika, kwa Janice, dada yake Kamene, kwenye chumba chake cha mabati. Janice aliwamiminia maji ya mfereji kutoka jagi moja, vikombe vitatu. Chake kilikuwa safi. Cha Kamene kilikuwa safi. Cha Mwau kilianza kugeuka polepole, kutoka chini kwenda juu, kama kidonda kinachovuja kwenye bandeji. Janice akainuka, akatoka nje.

Hapo ndipo Mwau alipofungua kinywa. Kabla ya Theta alikuwa mpima maji wa kampuni iliyochimba makaa ya mawe huko Kitui, chini kwa chini. Mahandaki yalipopita chini ya vijiji yalikata mikondo ya maji. Visima vingine vilikauka. Vingine vilibaki, lakini maji yake sasa yalipita kwenye mwamba uliopasuliwa, wenye madini ya kiberiti ndani, yakaja juu yakiwa machachu, yamebeba chuma, yanatoboa ndoo za mabati. Mbuzi waliyakataa. Watu hawakuwa na mengine.

Bikizee mmoja, Ndunge, ambaye kila mtu alimwita mwaitu, yaani mama, alitembea asubuhi nzima kuleta chupa ofisini. Hakuomba fidia. Alimwomba Mwau aonje tu. Mwau alipima, akaona, kisha akaandika kwamba maji ni salama, kwa sababu meneja alikuwa amemwahidi ploti, hiyo hiyo ya Theta. Ndunge hakujua kusoma. Aliomba asomewe karatasi, akashukuru kwa mikono miwili, akarudi nyumbani kunywa.

"Alikuwa anaishi na nani?" Kamene aliuliza.

"Wajukuu wawili."

"Na wako wapi?"

Mwau alikitazama kikombe. "Nilisikia tu," akasema. "Mmoja, halafu mwingine. Halafu yeye."

Kamene aliwaza sakafu yake ya vigae aliyoipiga deki kwa fahari miaka minne. Aliwaza binti yao, Tabby, aliyekuwa shule ya bweni, aliyeishi kwenye nyumba ile. Hakulia. Alimpa mumewe kalamu, akamwambia aandike ukweli.

Walizunguka ofisi tatu mjini Thika na ile barua. Ya kwanza waliambiwa kampuni ilishafunga na kuondoka, na mgodi umejaa maji. Ya pili Mwau aliulizwa ana shida gani kufukua mambo yaliyokwisha. Ya tatu karani alipiga muhuri bila kusoma. Kamene alitamani wamkamate mumewe pale pale. Hakuna aliyemtaka.

Jumamosi, saa tisa alasiri, walirudi Theta. Mwau alikwenda moja kwa moja kisimani, akateka, akapiga magoti, akanywa kikombe kizima. Midomo yake ilipauka.

"Anasema kikombe hiki ni cha mjukuu mkubwa," akanong'ona. "Bado cha mdogo."

"Nani anasema, Baba Tabby?"

Kamene alikimbia ndani kumletea maziwa ya kutuliza koo. Hakuchukua hata dakika mbili. Alipotoka, kamba ilikuwa imening'inia, imetulia. Hapakuwa na mshindo. Hapakuwa na Mwau.

Aliita. Mwanarusi akaja, akampigia simu Dismas, fundi aliyekichimba kisima kile. Dismas akafunga kamba kiunoni, akashuka na tochi. Futi ishirini. Arobaini. Sitini. Kisha kamba ikavutwa mara tatu, haraka.

Walipomtoa alikaa chini kwanza.

"Hakuna maji," alinong'ona. "Kuna njia."

Si yeye aliyeichimba. Ilikuwa handaki la kimo cha mtu aliyeinama, likiwa limeegemezwa kwa magogo meusi, linaelekea mashariki, upande wa Kitui. Sakafu yake ilikuwa mbichi. Alimulika akaona alama za viatu vya mwanamume. Kando yake, nyayo za miguu peku, za mtu anayejikokota. Zote zinaingia. Hakuna inayotoka.

Polisi walifika baada ya saa moja. Wakamulika. Waliona maji, safi, yamepanda hadi karibu na ukingo. Wapiga mbizi walitafuta siku mbili, hawakupata hata kiatu. Wakaandika kwamba mtu huyo alimtoroka mkewe.

Lakini kabla polisi hawajafika, Dismas aligeuka aende kunawa uso. Mwanarusi ndiye aliyeona kwanza, akamshika Kamene mkono.

Mabegani mwa ovaroli ya Dismas, kwa nyuma, palikuwa na vumbi jeusi la makaa, linalometameta. Viganja viwili vidogo, kimoja kila bega. Kama vya mtoto aliyebebwa mgongoni.