Nani Analala Chumba cha Tatu?

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua sare, msichana aliyeitwa Redio alikuwa na kazi yake: kumtungia bibi uzi kwenye sindano. Bibi alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Redio alitunga sindano kumi na mbili, akazichomeka kwenye kipande cha sifongo, kisha bibi akashona huku mjukuu wake akimsimulia ya shule yote, aliyeanguka, aliyesifiwa na aliyesinzia darasani. Hilo jina la Redio alipewa na mjomba wake. "Huyu hana kitufe cha kuzima," alisema.

Lakini wiki hiyo sindano zilikaa bure. Bibi alikuwa hospitali, amepasuliwa mtoto wa jicho, na angerudi Jumamosi. Mama yake Redio alifanya kazi mji mwingine, kwa hiyo nyumbani walibaki Redio na mjomba, kitinda mimba wa bibi. Mjomba alikuwa mtu wa vichekesho, tena mkunjufu. Hata viatu vya shule vya Redio yeye ndiye aliyevinunua. Ndiyo maana Redio alishangaa siku ya Jumatano alipomkuta anapanga maboksi matupu chumbani kwa bibi, mpaka juu ya kitanda.

"Mjomba, sasa bibi atalala wapi?"

"Njoo hapa, mpwa wangu." Safari hii mjomba hakucheka. "Nyumba hii naiuza. Hati ina jina langu, babu yako aliniandikisha. Nataka kufungua duka la vifaa vya ujenzi. Bibi nitampangia chumba kizuri mahali pengine. Kesho wakili anayesimamia mauzo anakuja kuitazama nyumba. Akikuuliza habari za chumba hiki, sema ni stoo. Basi."

"Bibi anajua?"

"Atajua. Wewe kesho zima redio."

Redio aliitikia kwa kichwa. Mtu aliyekununulia viatu utamwambiaje hapana?

Kesho yake alasiri wakili akapiga hodi. Redio alitazamia mtu wa suti na gari. Aliyesimama mlangoni alikuwa mama wa makamo, viatu vimejaa vumbi, daftari kwapani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji kwanza, jua limenipika."

Mjomba alicheka kidogo. "Wakili, kwa nini kujisumbua hivi? Si mambo yote yanamalizwa ofisini?"

"Hata mimi ndivyo nilivyozoea. Miaka ishirini nimeshughulikia nyumba za watu nikiwa nimekaa kitini." Wakili alikunywa maji, akashukuru. "Wiki iliyopita chama chetu cha mawakili kimetuletea waraka. Kuna mwenzetu mmoja alimaliza mauzo kwa karatasi tu. Mnunuzi kufungua mlango, anamkuta mzee yuko kitandani, hawezi kutembea, wala hajui kuwa nyumba imeuzwa. Sasa tumeambiwa: nenda mwenyewe, ingia kila chumba, muulize kila anayeishi humo, andika alichosema, kisha umsomee maneno yake mwenyewe. Na kama kuna aliyeishi humo miaka, nyumba haiuzwi mpaka naye aridhie."

Mjomba akakohoa.

Wakapita chumba kwa chumba. Cha mbele, kilichotazama barabara, kilikuwa na viti vya wageni. Cha pili walilala Redio na mama yake akija. Mjomba mwenyewe alilala kibanda cha uani. Wakafika cha tatu. Wakili akamgeukia Redio.

"Hata mtoto anaulizwa?" mjomba akadakia.

"Waraka umesema kila anayeishi humu. Kwani huyu haishi?"

Redio aliangalia viatu vyake. "Ni stoo," akasema. "Hakuna anayelala humo."

Wakili aliandika polepole. Kisha akasoma, kwa sauti ya upole, neno kwa neno: "Chumba cha tatu ni stoo. Hakuna anayelala humo. Ndivyo ulivyosema, mwanangu?"

Kumbe uongo ukiwa mdomoni mwako ni mwepesi, ukiusikia kwa mwingine ni mzito kama jiwe. Hakuna anayelala humo! Mawazoni Redio alimwona bibi yake na bandeji jichoni, anapapasa mlango wa nyumba yake, haufunguki.

"Sivyo," akasema, na machozi yakamtoka. "Futa, tafadhali. Bibi yangu analala humo, tangu kabla mama hajazaliwa. Yuko hospitali. Maboksi yamewekwa jana tu."

"We Redio!"

"Mwache amalize," wakili akasema.

"Nimemaliza. Nisamehe, mjomba."

Mjomba akaketi juu ya boksi. Kwa kuwa lilikuwa tupu, lilibonyea, akajikuta yuko sakafuni. Siku nyingine Redio angecheka mpaka mbavu zimuume. Wakili alimpa mkono, akamwinua.

"Mnunuzi anataka tuweke sahihi kesho," mjomba alinong'ona.

"Kesho hakuna sahihi. Shukuru, ndugu yangu. Leo una aibu tu. Kesho ungekuwa na kesi."

Jumamosi bibi alirudi. Wakili naye alikuja, maana alitakiwa amuulize. Lakini mjomba aliomba aseme yeye kwanza, na alisema yote bila kujipunguzia.

"Nilikuzaa kwenye chumba hicho," bibi akamwambia. "Ungeniuliza tu, mwanangu. Cha mbele kinalala viti. Toboa mlango wa barabarani, weka duka lako humo. Lakini nyumba haiuzwi."

Mjomba alipiga magoti mbele ya mama yake. Alitaka kusema mengi, ila lililotoka ni asante, na asante tena.

Wakili akaandika, akasoma. Bibi akacheka. "Ni hayo hayo, tena yamependeza kuliko nilivyoyasema. Mungu akulipe, mama. Umekuja kwa miguu kwa ajili ya mtu usiyemjua."

"Lakini mimi nilidanganya kwanza," Redio akasema kwa sauti ndogo.

"Ulidanganya, usilisahau hilo," wakili akamjibu. "Kumpenda mtu si kumfichia makosa. Ungenyamaza, bibi angekosa pa kulala, na mjomba wako angempoteza mama yake. Jana nimewaandikia chama chetu kuwashukuru kwa ule waraka. Lakini waraka hauna mdomo. Ulinifikisha mlangoni tu. Ukweli wako ndio ulionionyesha nani anaishi ndani. Kwa hiyo wewe nakushukuru hapa hapa, uso kwa uso."

Bibi hakungoja chai. Alimshika mjukuu wake bega, wakaenda hadi chumba cha tatu. Mjomba alikuwa amewatangulia, anatoa boksi la mwisho kitandani.