Kijiko cha Mawese

Kila Jumamosi asubuhi Tenneh alitwanga kisamvu uani. Mchi ulikuwa mzito na mama yake, Baindu, hakuwa na huruma na kazi ya ovyo. "Twanga mpaka kilainike," alisema akienda kisimani. "Sitaki kutafuna vijiti."

Lakini Jumamosi hiyo mikono ya Tenneh haikutulia. Kila mara aligeuka kumtazama kaka yake, Lahai, aliyekaa kwenye benchi. Mtaa wote wa nyuma ya soko la mji wa Kenema ulimjua Lahai kwa mpira, na juzi tu alikuwa amechaguliwa kuingia timu ya wilaya. Sasa alikuwa akisinzia jua likiwa limeshapanda, kidevu kifuani, miguu imevimba hadi kandambili zinambana.

"Umevuta tena," Tenneh alinong'ona.

Lahai alifungua jicho moja. "Wewe twanga, polisi wa kinu."

"Umevuta kushi, dawa ile ya kulevya. Nilikuona nyuma ya uwanja."

"Ni majani tu. Hata hayo yaliyomo kinuni ni majani. Na ukimwambia mama, presha ikimpanda, utamzika wewe."

Tenneh alirudi kwenye kinu. Alitwanga, akaacha, akatwanga tena.

Ghafla akasikia kishindo. Lahai alikuwa chini. Alikoroma mkoromo mzito, kisha akanyamaza, kisha akakoroma tena. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Tenneh aliita kwa nguvu zake zote, na mama akaja mbio, ndoo ameitupa njiani. Nyuma yake alikuja Mama Kona, jirani muuza mawese, ambaye hufika penye jambo kabla hajaitwa.

"Huyu kalishwa sumu," alisema Mama Kona. "Juzi kachaguliwa timu, leo yuko chini. Watu wana husuda, Baindu. Mpe mawese upesi, yaifunge sumu."

Hakuna aliyebisha. Tangu enzi za mababu, aliyelishwa sumu hunyweshwa mawese kwanza, mengine baadaye. Mama Kona alileta kikombe kizima. Mama alimwinua Lahai kichwa, akamtia kijiko cha kwanza. Mafuta mekundu mengine yalimtiririka shavuni, mengine yakaingia. Lahai alikohoa kidogo, na kifua chake kikaanza kutokota kama sufuria.

Mama alichota kijiko cha pili. Tenneh akamshika mkono.

"Mama, acha, yanamkaba."

"Niache! Mwanangu anakufa."

"Hakulishwa sumu. Amevuta kushi. Anavuta tangu shule zilipofungwa."

Majirani waliokwisha kujaa uani walitazamana.

"Tenneh," mama alisema polepole, "usinitie aibu mbele za watu."

"Ni kweli, mama. Nilijua nikanyamaza." Tenneh alikuwa analia sasa.

Mama alikitazama kijiko, akakiweka chini. Kijana mmoja akaleta pikipiki, wakambeba Lahai hadi zahanati.

Nesi Massah alimlaza ubavu, akayafyonza mafuta kwa mrija, akamwekea oksijeni. Hapo ndipo alipouliza, bila kugeuka, "Ametumia nini? Nataka ukweli."

"Sumu," alisema Mama Kona, aliyefika akihema.

Mama alimsogelea nesi. Wagonjwa wote kwenye foleni walikuwa wanasikiliza. "Kushi," alisema. "Amevuta kushi. Na mawese nimempa mimi."

"Afadhali umesema. Ningepoteza muda nikihangaika na malaria."

Wakasubiri. Tenneh alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alijua kwamba Lahai akifa, ule ukimya wake hautamwacha alale maisha yake yote.

Jua lilikuwa limeelekea magharibi Lahai alipofumbua macho. Alitazama huku na huku. "Nani alisema?" aliuliza kwa sauti iliyokwaruza.

"Mimi," alijibu Tenneh.

"Na umshukuru," alisema Nesi Massah. "Nyinyi vijana mnaiita majani. Majani ni kibebeo tu. Yamepuliziwa kemikali zilizochanganywa mafichoni, na mchanganyaji hana mizani. Msokoto wa kwanza hukulaza, wa pili, wa mfuko uleule, hukukata pumzi. Mimi sijui kilichomo. Anayekuuzia naye hajui. Ndiyo maana sina dawa moja ya kuifuta mwilini." Akawageukia wanawake. "Na mtu asiyejitambua hatiwi kitu kinywani, si mawese, si maziwa, si maji. Huingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mkimbilie hapa."

Mama Kona alitazama vidole vya miguu yake. "Basi mawese yangu ni ya mchuzi tu."

"Ya mchuzi, na ni mazuri," alisema nesi.

Mama alimvuta Tenneh karibu. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Leo kilio kilishafika mlangoni kwetu, huyu mtoto akakirudisha kwa kusema kweli. Siku nyingine, mwanangu, usingoje mtu aanguke. Na wewe Lahai, Jumatatu tutakwenda kwa kocha. Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako."

Machozi yalimtoka Lahai, asiyafute.

"Mama, nimejaribu kuacha," alisema. "Siwezi peke yangu."

Nesi Massah alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda. "Sasa," alisema, "tunaweza kuanza."