Msokoto Usiochunguzwa

Jumanne ile jioni Darlene Kucera alimuaga mumewe kwamba anakwenda kanisani kusaidia kumenya matufaha ya pai. Alikuwa anadanganya. Matufaha yalimenywa jana yake. Alikuwa anakwenda kumtafuta mwanamke.

Mfukoni alikuwa na bahasha yenye anwani ya mtumaji: nyumba moja huko mashambani, mwendo wa saa nzima, ng'ambo ya mto Platte. Aliitoa kwenye takataka za mumewe. Ndiyo, alichakura takataka. Wivu ulikuwa umemkamata kiasi kwamba hata chakula kilikuwa hakimpiti kooni, aibu angeipata wapi?

Kisa kilianza na sarafu. Milo, mumewe wa ndoa ya miaka arobaini na moja, alipostaafu kazi ya ghala la nafaka alijitia kukusanya senti za zamani. Akawa ananunua misokoto mtandaoni. (Msomaji asiniwazie bangi; nasema senti hamsini zilizopangwa safu moja na kuviringishiwa karatasi, kama benki zilivyokuwa zikifanya.) Tangazo lilikuwa lilelile kila mara: mimi ni mjane, marehemu aliniachia sarafu hizi, mimi sizijui, misokoto haijawahi kufunguliwa wala kuchunguzwa.

Darlene alikuwa keshia wa benki miaka thelathini na moja. Msokoto wa kwanza ulipofika aliugeuza mara mbili tu mkononi.

"Umepigwa changa la macho, mzee," alimwambia mumewe. "Ona hii ya mwisho inayochungulia nje. Ya mwaka 1877, adimu kabisa. Upande wa pili, adimu nyingine. Mtu asiyejua sarafu amejuaje kuziweka nzuri mbili milangoni? Chambo hicho. Katikati ni takataka."

"Labda bahati, Dar."

"Bahati kwenye misokoto mia nne aliyokwisha kuuza? Haya, ona karatasi. Benki hii ilifungwa kabla mama yangu hajazaliwa. Senti ikikaa ndani miaka tisini, ukingo wake unachora duara kwenye karatasi. Hapa pako laini. Na mikunjo bado mikali. Kausokota juzi, huyo mjane wako."

Milo akaufungua. Senti mbili nzuri mwanzo na mwisho. Arobaini na nane za katikati, takataka tupu. Akacheka. "Yaishe, bibi benki."

Lakini akanunua mwingine. Na mwingine tena.

Wala si ununuzi uliomuuma Darlene. Kilichomuuma ni kuandikiana. Kila jioni, wakishakula, Milo aliketi na simu yake akiandika, akitabasamu peke yake. Darlene akipita nyuma yake, simu inafunikwa na kiganja.

"Mnaandikiana nini na huyo mtu?"

"Mambo tu. Mpweke yule, maskini."

Mambo tu! Miaka arobaini na moja Milo hakuwahi kumwandikia yeye hata barua ya kurasa mbili.

Kisha akaanza kusahau. Asubuhi moja alimshika mkono mkewe mezani, akamuuliza kwa upole, "Hili kovu ulilipata wapi?"

Mafuta ya moto yalimuunguza Darlene mwaka wa kwanza wa ndoa, na aliyekesha akimpepea ni huyuhuyu Milo. Wiki iliyofuata akasahau ziwa walilokwenda kula fungate. Mwingine angempeleka mumewe kwa daktari. Darlene hakuwaza daktari. Aliwaza kwamba kichwa cha mumewe kimejaa mwanamke mwingine, na yeye hana tena pa kukaa.

Ndipo akawasha gari.

Giza lilimkuta kwenye barabara ya changarawe. Mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa na mashamba yalikuwa meupe, matupu, kila upande. Nyumba ilikuwa moja tu. Banda la gari lilikuwa wazi, na ndani mlikuwa na taa.

Akashuka. Akasimama.

Harufu ikamjia kwanza. Shaba... ile ladha ya damu mtu anapojing'ata ulimi.

Kisha sauti. Krii... krii... krii...

Darlene aliijua sauti hiyo. Ni ncha ya karatasi ikikunjwa kwenye mashine ya kusokotea sarafu.

"Ingia, mama," sauti ikanong'ona. "Baridi hiyo."

Alikuwa mwanamke wa rika lake, mnene kidogo, amevaa sweta la kijani. Sura yake ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba Darlene alipojaribu kuikumbuka baadaye hakuipata. Vidole tu ndivyo vilivyomkaa akilini. Havikuwa na ukucha hata mmoja. Nyuma yake rafu zilipanda hadi darini, zimejaa misokoto, na kila karatasi ilikuwa na jina limeandikwa kwa penseli. Harold. Lyle. Eugene. Majina ya wanaume, mamia kwa mamia.

"Nimekuja kwa ajili ya sarafu zako za uongo," Darlene alisema.

"Hukuja kwa ajili ya sarafu."

"Unamwandikia nini mume wangu?" Darlene alimsogelea.

"Mimi? Neno moja tu kila siku. Namuuliza, *kisha?* Basi. Yeye ndiye anayesimulia."

"Anasimulia nini?"

Mwanamke alinyanyua msokoto mmoja mezani. Uliandikwa *Milo*.

"Siku hamsini zimo humu," alinong'ona. "Kila alichonisimulia kilimtoka, nami nikakisokota. Nimemwachia mwanzo na nimemwachia mwisho. Anajua alikuwa mtoto wa nani, anajua leo amekula nini. Katikati..." Akatabasamu. "Wewe si unajua jinsi tunavyofanya katikati?"

Darlene akanyoosha mkono.

"Nirudishie."

"Chukua. Bure. Huu ndio pekee usiochunguzwa, hata mimi sijauangalia. Mpe aufungue kwa mkono wake, na yote yatamrudia. Ukiufungua wewe, ni yako. Yeye hatakuwa nayo tena."

"Kwa nini unanipa?"

Krii... Mwanamke alikuwa amekwisha kurudia kazi yake.

"Wake wote waliofika hapa niliwapa," alisema bila kuinua kichwa. "Zilivyojaa rafu zangu, utajua walivyofanya."

Darlene aliendesha kama mwendawazimu. Msokoto alikuwa ameuweka kwenye kiti cha pembeni. Ulikuwa wa moto, kama kitu kilichotoka mwilini. Dakika ishirini hakuutazama. Alijisemea, nampa tu, anaufungua, yamekwisha, kesho tunakunywa kahawa kama zamani.

Halafu wivu ukaanza kazi yake.

Siku hamsini. Aliambiwa nini yule asiye na kucha, ambacho mimi sikuambiwa? Milo akiufungua, yatarudi kichwani mwake na yatakaa humohumo, na mimi nitakufa sijui. Kama kulikuwa na mwanamke mwingine? Yule Sharon wa ghalani, aliyekuwa akimletea keki kila Krismasi? Mimi niliyefungua misokoto ya nchi nzima nishindwe kuangalia huu mmoja?

Alisimama kando ya barabara, mwendo mfupi tu toka nyumbani. Taa ya barazani kwake aliiona kabisa.

Moja tu, alijisemea. Ya mwisho tu.

Karatasi ikachanika.

Senti ikamdondokea kiganjani, na sauti ya Milo ikamnong'oneza sikioni, karibu mno, kama aliyeketi kiti cha nyuma. *Umeniuliza watu wanakaaje pamoja miaka yote hii. Basi nikusimulie jinsi mke wangu alivyoungua mkono, na mimi nikalia kuliko yeye...*

Darlene akatoa ya pili. Darlene akiimba vibaya kanisani. Ya tatu. Darlene ziwani, amevaa kofia yake Milo. Ya kumi, ya ishirini, hawezi kuacha. Hakukuwa na Sharon. Alimwaga zote hamsini mapajani, na zote hamsini zilikuwa yeye. Milo alikuwa amemsifu mkewe kwa mgeni kila jioni kwa sababu uso kwa uso alikuwa akiona haya.

Darlene alilia hadi kioo cha gari kikaingia ukungu.

Aliziokota zote, akazifunga kwenye leso, akaendesha hadi nyumbani. Milo alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Darlene kwa adabu, kama watu wa kwetu wanavyomtazama mgeni aliyeharibikiwa na gari.

"Habari za jioni, mama. Umepotea njia?"

"Milo..." Akamnyooshea leso. "Shika. Tafadhali, zishike."

Milo akaipokea, akazimimina kiganjani, akazigeuzageuza. "Senti nzuri," alisema, akamrudishia. "Mimi nakusanya za hivi. Lakini ingia upate kahawa, unatetemeka. Mke wangu katoka kidogo, atarudi sasa hivi. Msubiri, mtapatana sana ninyi."

Akamvutia kiti mezani. Uso wake ulikuwa uking'aa alipomtaja huyo mke, namna ambavyo Darlene hakuwahi kuuona uking'aa, na hapo, katikati ya hofu yote ile, Darlene alimwonea wivu.

Nje, changarawe ikalia chini ya magurudumu. Injini ikazimwa.

"Ndiye huyo," Milo alisema, akasimama na kujilaza nywele kwa kiganja.

Hatua zikapanda barazani bila haraka, na sweta la kijani likapita dirishani. Hakubisha hodi. Aliingiza ufunguo, na kufuli likazunguka.