Maziwa ya Sharon

Asubuhi za Nyakakika huja polepole. Ukungu hulala bondeni, hauna haraka. Kisha hupanda harufu ya moshi, na nyuma yake harufu ya maziwa ya moto.

Nyumba ya Yustasi na mkewe Adela haikosi watu. Anayekuja kuomba chumvi hukaa mpaka mchana. Anayekuja kusalimia huondoka na habari za vijiji vitatu. Na kila mgeni hupewa maziwa. Yustasi ni mfugaji, na mama yake, Bibi Komujuni, hapendi kuona mgeni amekaa mikono mitupu.

Binti yao Sharon ana miaka sita. Ana ng'ombe wake mwenyewe, wa kahawia, anaitwa Bihogo. Bibi alimpa siku alipobatizwa. Kila asubuhi Bibi alichukua kibuyu kinachonukia moshi wa nyasi, akamjazia kikombe.

"Kunywa, mke mwenzangu. Ya kwako haya."

Sharon alikunywa. Lakini ikifika saa nne, shuleni, alikuwa mtu mwingine. Alijikunja, akalia, akapiga dawati mateke. Siku moja alimng'ata mwenzake mkono.

Majirani walisema yao.

"Ana mapepo yule."

"Mapepo wapi! Amedekezwa tu."

Adela aliyasikia yote. Yalisemwa sebuleni kwake, na waliosema walikuwa wanakunywa maziwa yake.

Kisha mwalimu akamwita. "Mama Sharon, wazazi wenzako wanalalamika. Mwezi huu ukiisha hajabadilika, akae nyumbani mpaka mwakani."

Adela alirudi kwa njia ya migombani. Miguu ilitembea, akili ilikuwa mbali. Kichwani alimwona Sharon amekaa peke yake langoni, wenzake wanapita na madaftari yao, wanakwenda, wanapotelea kwenye ukungu.

Bibi aliposikia alisema, "Ana njaa tu huyo. Mwongezee maziwa."

Wakamwongezea. Mambo yakazidi.

Siku ya pili akaja Dusabe, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Hodi wenyewe! Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umetuletea habari gani?"

"Leo nimekuja kusikiliza."

Adela akamweleza yote. Dusabe akauliza, "Na tumbo lake?"

"Linajaa kama ngoma. Linanguruma. Mara nyingine anaharisha."

"Anakula nini?"

"Kila kitu."

"Kila kitu ndiyo nini?"

Adela alianza kuhesabu kwa vidole, akakwama. Hakujua.

"Chukua daftari," alisema Dusabe. "Andika kila anachokula na anachokunywa, na saa. Halafu andika alivyokuwa baadaye. Tumbo, usingizi, hasira. Kwanza usibadilishe chakula, andika tu. Ila hayo maziwa mliyoongeza, yaacheni, rudini kwenye kikombe chake kimoja cha zamani. Na msimchape. Mtoto mdogo hajui kueleza maumivu. Anayasema kwa meno na mateke."

"Kwa hiyo kila mtoto mkorofi ni chakula?" aliuliza Yustasi.

"Hapana, shemeji. Mwingine hajalala vizuri, mwingine ana homa, mwingine ana jambo linalomsumbua. Ndiyo maana tunaandika, hatubahatishi. Lakini chakula kikimvimbisha midomo au kumbana pumzi, usingoje daftari. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo."

Adela aliandika wiki nzima. Kila asubuhi, maziwa. Kila saa nne, fujo. Siku moja tu ilikuwa tofauti, Jumamosi, walipowahi basi la Kayanga kwenda harusini. Sharon alikula ndizi na maharage, hakunywa maziwa. Siku hiyo alicheza, akasinzia begani kwa baba yake, anatabasamu.

Walipeleka daftari kliniki ya Nyakahanga. Muuguzi alimpima Sharon, akasoma kurasa zote.

"Tutoe maziwa peke yake, wiki mbili," alisema. "Msitoe vyakula vingine, mtamdhoofisha. Mpeni mayai, dagaa, maharage na mboga za majani. Uji upikeni kwa maji."

Siku sita zilipita kama ndoto nzuri. Sharon alichora ng'ombe kwenye vumbi. Aliimba peke yake. Hakumng'ata mtu.

Siku ya saba alirudi kutoka shuleni analia. Alikuwa amempiga mwenzake, na mwezi ulikuwa umebakiza siku tano.

Adela aliweka daftari chini. "Basi siyo maziwa. Tumejisumbua bure."

Dusabe, aliyekuwa amepita kuwajulia hali, alitazama watu sebuleni, mmoja mmoja. "Nani mwingine anamlisha?"

Bibi alikitazama kibuyu chake.

"Ni mimi," alisema. "Kikombe kimoja, leo asubuhi, nyuma ya zizi. Wageni wananiuliza, mjukuu wa wafugaji hanywi maziwa? Niwajibu nini? Halafu nilimwota Bihogo. Alisimama mlangoni, ananiuliza, nimekosa nini?"

Adela alitaka kukasirika, akashindwa. Sharon alikwenda akajilaza mapajani kwa Bibi.

"Yakiingia tumboni yanapigana, Bibi."

"Sasa mbona ulikunywa?"

"Kwa sababu ulinipa wewe."

Bibi alifunika uso kwa kanga.

"Usilie, Bibi," alisema Dusabe taratibu. "Umetuonyesha jibu bila kujua. Siku sita bila maziwa, mtoto mzima. Yamerudi asubuhi, shida imerudi saa nne. Ni tumbo lake haliyawezi. Mapepo hayapo hapa. Tutamwambia muuguzi, na yeye atasema kama baadaye ajaribu hata mtindi kidogo."

Tangu siku hiyo Bibi mwenyewe alikuwa mlinzi. Jirani akinyoosha kikombe kwa Sharon, Bibi alikikamata njiani.

Mwezi uliisha. Mwalimu hakumwita tena Adela. Sharon alibaki darasani, na yule aliyeng'atwa sasa anakaa naye dawati moja.

Jumapili moja, baada ya ibada, nyumba ilijaa kama kawaida. Mvua nyembamba ilikuwa inapita juu ya vilima. Sharon alikuwa amelala mapajani kwa Bibi. Mgeni mmoja, mpenda habari, akainama na kunong'ona.

"Eti ni kweli? Mtoto huyu hanywi maziwa?"

Watu wote wakamgeukia Bibi, wakaanza kuulizana.

Bibi alinyoosha kidole nje, zizini, ambako ndama wa Bihogo alikuwa ananyonya, mkia unacheza.

"Yake anakunywa yule," alisema. "Mmemwona alivyonenepa? Sasa punguzeni sauti. Mke mwenzangu amelala."