Maswali Matatu ya Fundi Makochi

Siku ile fundi makochi alikuwa amevisha mkono mmoja tu wa kochi la watu watatu. Mkono wa pili ulikuwa bado uchi, sponji yake ya manjano ikionekana. Aliweka nyundo mezani, akamwambia mkewe kwamba kifua kinambana, akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakuinuka tena.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, hatua nne tu kutoka pale. Kwa miaka kumi na tisa walifanya kazi hivyo, mke akishona vitambaa, mume akigongelea misumari. Mtaa mzima ulimwita mke huyo Mama Sindano, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya ulimi wake.

Baada ya mazishi alifungua karakana, akauvisha ule mkono wa pili yeye mwenyewe. Mwenye kochi alipokuja alitazama huku na huku, akashindwa kusema ni mkono upi uliofanywa na marehemu.

Lakini baada ya kochi lile, halikuja jingine.

Wiki ya kwanza watu walisema wanamwacha apumzike. Wiki ya tatu alikuwa akifagia karakana ambayo tayari ilikuwa safi. Wiki ya sita akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu mwema aliyevaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kubeba mizigo. Alikohoa mara mbili kabla ya kusema.

"Shemeji, nimepata mtu wa kununua cherehani na vifaa vyote. Chumba pia anakichukua. Anataka jibu mwisho wa mwezi."

"Kwa nini niuze?"

"Wateja walimjua kaka. Fundi ameondoka na kazi yake."

"Kazi ilikuwa ya watu wawili," alisema Mama Sindano. "Mmoja yupo."

Shemeji aliitazama karakana tupu, asibishe. Wakakubaliana kwamba kazi ikirudi kabla ya mwezi kwisha, karakana itabaki. Isiporudi, kila kitu kitauzwa.

Si kwamba walikuwa wamekaa tu. Binti wa Mama Sindano, aliyekuwa amesoma kompyuta, alikuwa ametengeneza tovuti ya karakana, yaani kurasa za biashara ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma kwenye simu yenye intaneti. Aliifanya kwa wiki tatu, macho yakiwa mekundu. Mama Sindano aliipenda, akawa anaifungua kila asubuhi. Kwanza ilitokea picha kubwa ya mumewe. Kisha muziki wa taratibu. Kisha habari za maisha yake tangu utotoni. Chini kabisa ilikuwepo namba ya simu ya marehemu.

Simu yenyewe ilikuwa imezimwa, ndani ya droo ya cherehani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiwasha.

Zilipobaki siku tisa mwezi uishe, Mama Sindano akigongelea mguu wa meza uliolegea, aliingia jirani mmoja, mwanamke aliyefanya kazi ghorofani, juu ya duka la dawa. Alikuwa amekumbatia kiti cha ofisi kilichobonyea katikati.

"Kiti hiki hakinibebi tena, mimi ndiye ninayekibeba," alisema. "Kumbe mpo! Nimesikia nyundo ndiyo nikaingia. Nilidhani mmefunga."

"Nani kakuambia?" aliuliza Mama Sindano.

"Tovuti yenu."

Binti akainua kichwa. "Imeandikwa wapi kwamba tumefunga?"

Jirani alieleza kwamba kazi yake ni kutengeneza tovuti za biashara. Alikuwa ametafuta fundi makochi kwenye intaneti, akaikuta tovuti yao, akaisikitikia, akaifunga. Binti alianza kujitetea. Jirani akasema wasibishane. Wamwulize mtu asiyewajua.

Wakatoka wote watatu hadi mlango wa duka la dawa, ambako watu walikuwa kwenye foleni. Jirani alimpa mwanamke mmoja simu yenye ule ukurasa, akamwomba autazame, akaanza kuhesabu polepole. Picha ilikuwa nzito. Ilimaliza kufunguka alipofika sita. Alipofika kumi, aliuliza, "Hapa wanafanya kazi gani?"

Mwanamke yule aliirudisha simu kwa mikono miwili.

"Hawa wamefiwa," alisema. "Poleni sana."

Mama Sindano akaitikia, "Tumeshapoa." Walirudi karakana. Machozi yalikuwa yakimlengalenga binti.

"Ukurasa wako ni mzuri," jirani alimwambia. "Ila umewaandikia watu wanaomkumbuka baba. Mwenye kochi lililobonyea hamkumbuki. Yeye anatafuta fundi, tena ana haraka."

"Kwa hiyo tumtoe?" aliuliza Mama Sindano. "Nimfute mume wangu ili nipate makochi?"

Jirani alivuta kile kiti chake, akakaa.

"Zamani mteja akipiga simu, marehemu alimwambia nini?"

Hilo halikuhitaji kufikiri. "Alikuwa na maswali matatu. Kochi ni la watu wangapi? Limeumia wapi? Unalitaka lini? Alimwuliza kila mtu hivyo. Hata daktari alipomwuliza anaumwa wapi, yeye alimwuliza kiti chake kimeumia wapi."

Binti alicheka huku akifuta pua.

"Basi tovuti yenu mnayo tayari," alisema jirani. "Tuijenge juu ya maswali hayo."

Akawaeleza kwamba mteja naye huja na maswali yake. Hawa wanafanya nini? Wako wapi? Nitawapataje? Maswali hayo yajibiwe juu kabisa ya ukurasa, kabla mtu hajasogeza kidole. Asipopata jibu upesi, hakasiriki wala hasemi neno. Anakwenda kwa fundi mwingine. Baada ya hapo anataka kuona kazi yenyewe, picha za kweli za makochi yao, si picha zilizookotwa kwenye intaneti.

Picha za kweli zilikuwepo. Marehemu alipiga kila kochi picha mbili, moja likiingia na moja likitoka. Ila zilikuwa kwenye simu yake.

"Ile simu haiwashwi," alisema Mama Sindano.

"Na namba iliyo kwenye tovuti?"

"Ni ya simu hiyo hiyo," alisema binti, akiinamisha macho.

"Kwa hiyo hata aliyevumilia muziki akafika chini, alipiga simu iliyozimwa."

Mama Sindano alikitazama kile kiti cha wateja. Kisha akafungua droo, akaitoa simu chini ya kopo la sindano, akaichomeka kwenye chaji. Ilipowaka ilitetemeka mkononi mwake kama kifaranga. Watu kumi na mmoja walikuwa wameandika. Fundi, upo? Fundi, kochi langu limezama. Fundi, mbona hupatikani?

Alikaa kwenye kiti kile, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akazisoma jumbe zote. Kisha akampigia wa kwanza.

"Samahani kwa kuchelewa kukujibu. Mimi ni mke wa fundi. Mwenzangu ametangulia mbele ya haki. Kazi naifanya mimi, kama tulivyoifanya siku zote." Alipokea pole, akashukuru. Halafu, bila kupanga, akasikia mdomo wake ukiuliza, "Kochi lako ni la watu wangapi?"

Saba kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kwenda kwingine. Wanne walikuwa wanamsubiri.

Tovuti ilichukua siku tatu. Binti aliandika, jirani akielekeza. Juu waliweka maneno machache: Tunavisha makochi na viti upya. Chini yake wakaandika mtaa, na kwamba wako nyuma ya duka la dawa, saa za kazi, na kitufe ambacho mtu akikigusa simu inapigwa. Muziki waliutoa. Picha walizipunguza uzito, wakazijaribu kwenye simu ya Mama Sindano, ambayo ilikuwa kuukuu na kioo chake kimepasuka. Jirani alisema ikifunguka kwenye simu ile, itafunguka popote.

Mama Sindano alitaka waandike kwamba wao ni bora kuliko mafundi wote. Jirani akakataa.

"Kila mtu anaandika hivyo, mama. Sema jambo ambalo mteja anaweza kulihakikisha."

"Kochi la watu watatu linachukua siku tano."

"Hilo liandike. Na likifika siku ya sita, wewe ndiye utakayetafutwa."

"Nitafutwe mimi? Nitakuwa nimeshawapigia simu wakalichukue."

Wakapiga picha nyingine, ya Mama Sindano mwenyewe, nyundo mkononi na misumari midogo mdomoni. Jirani alisema mteja lazima amwone fundi aliye hai, anayefanya kazi leo. Kisha yakaja yale maswali matatu, na chini ya kila moja nafasi ya kujibu na ya kutuma picha ya kochi. Juu yake binti aliandika kwamba maswali hayo yameachwa na mwanzilishi wa karakana. Picha ya baba na habari za maisha yake vilipata ukurasa wao, ulioitwa Tulikotoka. Anayetaka kuusoma anaufungua kwa kugusa mara moja. Hakuna neno lililopotea.

Mwisho jirani alihakikisha jina la tovuti limeandikishwa kwa Mama Sindano, na nywila anaijua yeye na bintiye tu.

"Mimi nikihama, au tukigombana, tovuti inabaki yako," alisema. Malipo yake yalikuwa kiti chake, kilichorudi kigumu na chenye kitambaa kipya.

Walirudi kwenye foleni ya duka la dawa. Safari hii walimpa simu mzee mmoja. Jirani hakuhesabu zaidi ya nne.

"Wanatengeneza makochi," alisema mzee. "Wako hapo nyuma. Na viti vya gari je, wanatengeneza?"

Jibu la hilo halikuwemo. Jioni ile ile binti akaliongeza.

Siku ya mwisho ya mwezi shemeji alikuja na shati lake la pasi. Alisimama mlangoni. Ndani kulikuwa na makochi matano na viti vya gari viwili.

"Nikae wapi?" aliuliza.

"Usikae, shemeji. Shika upande huo, hili linatoka."

Alikunja mikono ya shati, akashika. Walipolifikisha barabarani alipangusa vumbi, akampigia yule mnunuzi, akamwambia vitu haviuzwi.

Sasa simu ya marehemu inakaa juu ya cherehani, na chaji haiishi. Kila Jumatatu binti anaweka picha mbili mpya kwenye tovuti, ya kochi lilivyoingia na ya lilivyotoka. Simu ikilia, Mama Sindano anaipokea, anauliza maswali matatu.