Vioo Vilivyofungiwa Sandukuni

Injini ilikohoa mara tatu, kisha ikanyamaza. Na katika ukimya ule Mwalimu akausikia kwa mara ya kwanza upepo ukiyasugua mabawa ya ndege. Chini yao hapakuwa na barabara, mto wala paa la nyumba. Palikuwa na tambarare ya changarawe iliyotandaa hadi upeo wa macho, nyeupe kama mfupa ulioachwa juani.

"Bomba la mafuta linavuja," alisema Rubani bila kugeuka. "Kazeni mikanda."

"Basi inua pua, kijana!" alipaza sauti Bwana Bika kutoka kiti cha nyuma. "Mbona unaielekeza ardhini? Tuna haraka gani na kaburi?"

"Nikiinua pua, mwendo utapungua, na mwendo ukipungua, hewa haitatubeba tena. Tutaanguka kama jiwe. Muulize aliyenifundisha."

Aliyemfundisha alikuwa mwanamke aliyeketi ubavuni pake, mikono imeshika magoti. Miaka kumi na miwili iliyopita kijana huyu alikaa dawati la mbele katika darasa lake la fizikia, akikunja ndege za karatasi na kudhani haonwi. Mwalimu alimnyang'anya ndege kumi na saba, na kila alipomnyang'anya moja, alimsimamisha aeleze mbele ya wenzake kwa nini iliruka. Hakumwonea huruma hata siku moja. Sasa aliitazama mikono ile ile ikiishusha ndege taratibu, bila pupa, ikibadilisha kimo kuwa mwendo na mwendo kuwa dakika chache za uhai.

Walikuwa wakipeleka vifaa vya mtihani wa vitendo katika shule iliyokuwa ng'ambo ya jangwa. Bwana Bika alikuwa mtunza maabara, na jina lile alipewa kwa sababu katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuwahi kuvunja bika, gilasi ya maabara, hata moja, wala hakumruhusu mtu yeyote kulisahau jambo hilo. Vifaa vilikuwa ndani ya masanduku mawili ya bati yaliyofungwa kwa kufuli na kutiwa lakiri nyekundu. Wapakiaji wa uwanjani walitaka kuyaweka nyuma, penye wavu wa mizigo. Mwalimu alikataa katakata. Masanduku ya mtihani yasafiri mbele ya macho ya msimamizi, alisema, na akayafunga mwenyewe kwa kamba nyuma ya kiti cha Rubani.

Magurudumu yaligusa changarawe, yakaruka, yakagusa tena. Kisha gurudumu la mbele likakita kwenye jiwe.

Ndege ilisimama. Masanduku hayakusimama.

Kila mwaka, katika juma la kwanza la kidato cha tatu, Mwalimu huandika ubaoni kwamba kitu kilicho mwendoni huendelea na mwendo wake mpaka nguvu nyingine ikizuie. Kamba ilikatika kama uzi. Nguvu iliyoyazuia masanduku ilikuwa kiti cha Rubani na kiuno cha Rubani.

Walimtoa wakamlaza chini ya bawa, palipokuwa na kivuli. Hakulia. Uso wake ulikuwa umepauka kama jivu, na tumbo lake lilikuwa gumu lilipoguswa. Redio ilikuwa imepondeka. Dumu la maji lilikuwa limepasuka, na kilichobaki hakikuzidi lita moja.

"Nilituma wito kabla hatujashuka," alisema Rubani. "Sijui waliusikia kiasi gani. Watatutafuta leo alasiri."

Bwana Bika alikwenda kwenye masanduku, akapiga goti.

"Mwalimu, humu mna chupa sita za maji safi ya maabara. Nilizipanga kwa mkono wangu. Tena mna vioo bapa kumi na viwili na lenzi. Kwa kioo kimoja, ndege iliyo mbali hata kwenye upeo wa macho itatuona. Vunja lakiri."

"Lakiri huvunjwa katika chumba cha mtihani, kesho saa tatu asubuhi, mbele ya mashahidi wawili."

"Mashahidi tupo. Mimi, huyu, na yule tai anayetuzunguka. Yule hasa ana hamu ya kuona mwisho wetu."

"Si jambo la mzaha, Bwana Bika."

Kwake halikuwa la mzaha hata kidogo. Miaka sita nyuma, katika shule nyingine, sanduku moja lilifunguliwa kabla ya wakati, na wanafunzi mia moja na arobaini wakafutiwa matokeo, wezi na wasio wezi kwa pamoja. Mwalimu alimwona msichana mmoja, hodari kuliko wote, ameketi langoni na cheti kisicho na alama, hataki kwenda nyumbani. Tangu siku ile aliapa kwamba haitatoka mikononi mwake lakiri iliyovunjika. Na sasa, katika sanduku lililokuwa mbele yao, chini ya vioo, mlikuwa na karatasi za maswali.

"Watoto wanaongoja mtihani huu hawakuanguka na ndege," alisema. "Wasiadhibiwe kwa ajili yetu."

"Mwalimu, jamani, mtu anaumwa!"

"Mwache, Mzee Bika," Rubani alisema kwa sauti ndogo. "Watatuona tu. Mwalimu hajawahi kukosea jibu."

Saa kumi alasiri mngurumo ulisikika. Bwana Bika alivua shati, akakimbia nalo huku na huko kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Ndege ya watafutaji ilikuwa mbali upande wa kaskazini, ndogo kama punje ya mtama, na jua la magharibi lilikuwa wazi, likingoja tu mtu wa kulielekeza.

"Kioo!" alipiga kelele. "Mwalimu, kimoja tu! Hicho kimoja tu!"

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mwalimu. Aliushika. Aliwaona wale mia moja na arobaini, akamwona yule msichana wa langoni, akamwona na kijana aliyelala kivulini, na kwa muda usiozidi dakika moja akawapima wote katika mizani isiyokuwa na uzito sahihi. Alipoliinamia kufuli, mngurumo ulikuwa umegeuka kuelekea ulikotoka.

Jua lilikuwa likizama Rubani alipoomba maji kwa mara ya tatu, na maji ya dumu yalikuwa yamekwisha. Mwalimu alikwenda kwenye sanduku. Alichukua jiwe, akaivunja lakiri kwa mapigo mawili, akafungua kufuli. Vioo vilikuwa vimefungwa katika pamba, vizima vyote, safi kabisa. Alikitoa kimoja, akakielekeza magharibi. Upeo ulikuwa umeumeza mwanga wa mwisho, na kioo kilimwonyesha uso wake mwenyewe tu.

Alifungua chupa moja, akamlowesha Rubani midomo kwa pamba.

"Nilichelewa, mwanangu."

"Tutakuwa na jua kesho," Rubani alisema.

Asubuhi Bwana Bika alichuna sifongo ya viti, akaielekezea lenzi mpaka ikashika moto. Moshi ulipanda kimo cha mtu, kisha upepo ukautawanya. Alijaribu tena, na tena, macho yakimtiririka, akimtukana kila aliyewahi kushona kiti cha ndege. Mwalimu aliketi kando ya Rubani, akamshika mkono. Ulikuwa baridi ilhali changarawe ilikuwa imeanza kuunguza.

"Mwalimu, sikiliza." Kila neno alilivuta kutoka mbali. "Ukiisikia ndege, usiitafute kule sauti inakotoka. Sauti ina miguu mizito. Inapokufikia, ndege imekwisha pita. Tazama mbele yake."

"Nimesikia. Mbele ya sauti."

"Ungenipa alama ngapi?"

"Kumi juu ya kumi."

"Hukuwahi kunipa kumi." Alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. "Zile ndege zangu za karatasi, ulizitupa?"

"Zimo kabatini kwangu. Zote kumi na saba. Ya tisa ndiyo iliyokuwa na mabawa bora kuliko zote."

"Ya tisa," alisema Rubani, kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu yake. "Mwambie mama sikuwa peke yangu."

Ilipofika saa nne, mkono wake uliacha kuujibu mkono wa Mwalimu. Bwana Bika aliuacha moto uzimike. Alikuja akamfunika kijana yule kwa shati lake, akaketi mgongo wazi juani.

Saa sita mngurumo ulitoka kusini. Mwalimu alisimama. Macho yake yalitaka kwenda sauti ilipokuwa. Aliyalazimisha kwenda mbele yake, sehemu ya anga iliyoonekana tupu, na palepale akaiona ndege. Alinyoosha mkono wa kushoto, akatenganisha vidole viwili, akaiweka ndege katikati yake kama mtu anayeibana kwa koleo. Kwa mkono wa kulia alikiinua kioo karibu na jicho, akakigeuza kidogo kidogo. Nuru huondoka kwenye kioo kwa pembe ile ile iliyoingia nayo. Haina upendeleo, wala haiulizi ni nani aliyekishika kioo. Doa la mwanga lilipanda juu ya changarawe, likapanda juu ya mkono wake wa kushoto, likatua juu ya vidole vyake. Alilitikisa: vidoleni, pembeni, vidoleni tena.

Ndege iliinamisha bawa moja, kisha la pili. Ikageuka kuja kwao.

"Wametuona," alisema Bwana Bika, akaangua kilio. "Ee Mola, wametuona. Wamekuja wakati gani!"

"Si wao waliochelewa," alisema Mwalimu.

Mtihani uliahirishwa kwa majuma mawili, maswali mapya yakachapwa, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefutiwa matokeo. Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Kamati ya mitihani ilimwandikia Mwalimu barua ya kumsifu kwa uaminifu wake. Aliisoma akiwa wima, akaichana vipande vinne, kisha akavaa viatu vya kutokea.

Mama yake Rubani alikuwa mshonaji. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani, rundo la sare za bluu zisizotiwa vifungo, na kiti kimoja cha mgeni. Mwalimu hakukikalia mpaka alipoambiwa mara ya pili.

"Nimeletewa maneno mengi, dada yangu," alisema yule mama. "Wananiambia lilikuwa jambo la Mungu, hapakuwa na njia. Wewe ulikuwapo. Palikuwa na njia?"

Mwalimu angeweza kusema hapakuwa. Bwana Bika alikuwa amemsihi aseme hivyo. Alimweleza yote: wavu wa mizigo alioukataa, kamba, chupa sita, vioo kumi na viwili, ufunguo mkononi na ndege ikigeuka, mkono wa kijana alioushika, na ujumbe wake kwamba hakuwa peke yake. Hakujitetea kwa wale wanafunzi mia moja na arobaini; aliwataja mara moja, akawaacha. Alipomaliza, cherehani ilikuwa imesimama zamani, na mama yule alikuwa ameishika sare moja bila kuitazama.

"Toka nje," alisema hatimaye.

Mwalimu aliinuka. Alikuwa amefika kizingitini aliposikia sauti nyuma yake.

"Aliposema hakuwa peke yake. Alisemaje hasa? Kwa maneno yake mwenyewe?"

Mwalimu aliyasema maneno yale, neno kwa neno, akiwa amempa mgongo kwa sababu hakuweza kugeuka.

"Jumamosi uje tena," alisema mama. "Siwezi kukusamehe, usiningoje kwa hilo. Lakini mkono wake uliushika wewe. Utakuja, utaketi hapo, utaniambia tena."

Mwalimu alikwenda Jumamosi ile. Akaenda na iliyofuata.