Fomu Imesema Ameoa

"Unasema tuahirishe nini?"

"Harusi, mpenzi. Wiki mbili tu, mpaka mambo yatulie."

"Harusi ya kesho saa nne?"

"Ndiyo hiyo."

"Mara ya kwanza tuliahirisha kwa sababu ya mvua. Mara ya pili mashine yako ya randa iliungua. Leo tunaahirisha kwa sababu nchi inajitoa kwenye jumuiya ya biashara? Mara ya nne itakuwa nini, kupatwa kwa mwezi?"

"Nisikilize kwanza. Hapa nilipo kuna jambo..."

Simu ikakatika. Tangu Jumatatu makampuni ya simu yalikuwa yamefuta vifurushi vya mpakani, na kupiga ng'ambo ya pili, umbali wa dakika ishirini kwa miguu, kulihesabiwa kama kupiga bara jingine. Ujumbe ukaingia:

*Salio limeisha. Nitakueleza. Usikasirike.*

*Nimeshakasirika,* akaandika. Ujumbe ukagoma kwenda. Akaisukuma simu chini ya rundo la mafaili.

Pale mpakani kila mtu alimwita Bi Mhuri. Alikuwa wakala wa forodha, miaka kumi na miwili kwenye meza ileile, na hakuna aliyewahi kumshawishi agonge mhuri kwenye karatasi yenye uongo hata wa herufi moja. Mchumba wake, Fundi, alikuwa na karakana ng'ambo ya pili, akitengeneza vitanda na milango. Mbao zilitoka upande wa Bi Mhuri, zikavuka, zikarudi zikiwa vitanda, na miaka yote hiyo hakuna aliyezitoza ushuru. Bi Mhuri ndiye aliyegonga mhuri kwenye vyeti vya mizigo yake, mpaka siku moja Fundi alipokuja dirishani bila mzigo wowote, akasimama tu anatabasamu kama aliyesahau alichotumwa.

Sasa saa sita usiku nchi ingetoka kwenye jumuiya. Mbao zingetozwa zikienda, vitanda vingetozwa vikirudi. Kitanda kimoja, ushuru mara mbili! Nani angekinunua?

"Mwanangu, hujambo?"

Alikuwa Mjomba, mwenye duka la jumla, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Siku kujitoa kulipotangazwa, Mjomba alipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

"Sijambo, Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Katoni zangu za sabuni ziko kwenye foleni. Mwambie mwenzako wa dirisha la pili aharakishe, zivuke leo."

"Si ulisema tujitoe tujitegemee?"

"Nilisema tujitoe. Sikusema tujitoe kabla sabuni yangu haijavuka."

"Mjomba!"

"Jumuiya ilikuwa inatunyonya, mwanangu. Hilo silibadilishi. Lakini sabuni ni sabuni."

Bi Mhuri akashusha pumzi ndefu. Alitamani kumwambia kwamba mchuma janga hula na wa kwao, lakini mtu aliyekusomesha humwambii kila unachofikiri. Wakati huohuo meneja akapita akimwaga karatasi mezani kwa kila mtu. Ofisi yao iligawa kazi kwa tarakimu ya mwisho ya namba ya gari. Saba, nane na tisa zilikuwa za Bi Mhuri. Akavuta fomu ya juu, lori linaloishia na saba. Mzigo: mashine ya randa moja, msumeno wa umeme mmoja, keekee za kutobolea mbao mbili, meza za kazi nne.

Mwandiko ule ulikuwa wa Fundi. Aliujua kama sauti yake.

Ilikuwa fomu ya msamaha. Raia wa nchi ya jumuiya anayehamia kwa mke au mume wake huvuka na vifaa vyake vya kazi bila ushuru, na msamaha huo ulikuwa unakufa usiku ule. Akashuka na kidole mpaka mstari wa sita.

*Hali ya ndoa: Ameoa.*

"Ameoa," akasema kwa sauti.

"Nani ameoa?" Mjomba akainama, akasoma, akapiga paja. "Nilikwambia! Mtu haahirishi harusi mara tatu bure. Ana mke huyo! Anamhamishia huku, tena wewe ndiye umgongee mhuri!"

Machozi yalimlengalenga Bi Mhuri, akayakatalia. Akaikunja fomu, akatoka. Mjomba akamfuata mbiombio akimwomba mtu wa nyuma yake kwenye foleni ya dirisha la pili amtunzie nafasi.

Malori yalikuwa yamejipanga mpaka nje ya geti, injini zikinguruma, madereva wakigombana kwa honi. Kwenye lori la kumi na moja, Fundi alikuwa amekaa karibu na dereva, suruali imejaa vumbi la mbao. Alipomwona akashuka haraka, karibu aanguke.

"Wewe! Karatasi zimefikaje kwako? Nilimwambia dereva ampe wakala yeyote isipokuwa wewe!"

"Namba ya gari inaishia na saba! Mkeo yuko wapi?"

"Mke yupi?"

"Huyu wa mstari wa sita!"

Fundi akaitazama fomu. Akamtazama yeye. "Mke ni wewe."

"Mimi? Saa mbili asubuhi umeniahirisha mimi, na saa tano unaiambia forodha umeoa?"

Dereva akazima injini ili asikie vizuri.

"Nimefunga karakana," Fundi akasema. "Jana nimewaaga mafundi wangu wote watano. Mbao zangu zinatoka huku, wateja wangu wako huku. Kule nimebaki na paa tu. Nikasema nivushe mashine, nitafute chumba cha kazi, halafu ndipo nije kwenu kama mwanaume. Nije kesho na suti, Mjomba aniulize nafanya kazi gani, nimjibu nini?"

"Ungeniambia."

"Niliona haya."

"Haya unayo, akili huna! Hili ni tamko la uongo. Nikiligonga, leseni yangu imekwenda, na mshahara wangu ndio pekee tuliobaki nao. Ulifikiria hilo?"

"Dirishani waliniambia bila mke sipiti. Nikaandika mke. Si nilikuwa naye?"

"Ulikuwa umemwahirisha!"

Mjomba akaingilia, bado anahema. "Basi jambo ni rahisi. Nendeni kwa msajili sasa hivi, mfunge ndoa, fomu iwe kweli."

Bi Mhuri akageuka kwa ukali. "Siendi. Sitaki kuolewa kwa sababu mashine zake zinahitaji mke."

Fundi akainamisha kichwa. Kisha akaichukua fomu mkononi mwa Bi Mhuri, akaiegemeza kwenye mlango wa lori, akalikata neno "Ameoa" kwa mstari mmoja, akamrudishia.

"Uko sahihi," akasema. "Dereva, geuza."

"Nigeuze niende wapi, bosi?"

"Rudisha mashine karakanani. Kuna mtu aliwahi kuzitaka, atanunua kwa bei ya kutupa." Akamgeukia Bi Mhuri. "Kesho saa nne nitakuwa kwa msajili, kama bado unanitaka. Sina mashine, sina kazi. Nina randa ya mkono na mikono yenyewe."

Lori likaanza kurudi nyuma, likipiga mlio wake. Bi Mhuri aliijua ile mashine ya randa. Alijua miaka ambayo Fundi alilala karakanani ili asilipe pango, mpaka akainunua. Na ilipoungua, alijua jinsi alivyoitengeneza waya kwa waya. Sasa alikuwa anaiacha iende na wala haitazami. Anamtazama yeye, macho mekundu. Hasira yote ya tangu asubuhi ikamwishia pale barabarani, na alichobaki nacho kilikuwa mapenzi tu, tena mengi kiasi cha kumuudhi.

"Simamisha lori!" akapaza sauti.

"Nini tena?" dereva akalalamika.

"Simamisha, na ushuke. Tunahitaji mashahidi wawili. Mjomba, wewe ni wa kwanza."

"Lakini umesema huolewi kwa ajili ya mashine," Fundi akasema polepole.

"Mashine umeshaziacha. Sasa naolewa na mtu." Akamshika mkono, akaanza kumvuta. "Tangazo letu limebandikwa kwa msajili wiki tatu, halina pingamizi. Tembea! Dirisha linafungwa saa kumi."

Saa nane na robo waliapa mbele ya msajili, bwana harusi na vumbi lake la mbao, bibi harusi na kitambulisho cha kazi shingoni. Dereva alitia saini huku akilia kuliko wote. Saa tisa na dakika ishirini walikuwa ofisini, fomu mpya imejazwa, cheti cha ndoa kimebanwa nyuma.

"Gonga basi," Fundi akamwambia.

"Sigongi."

"Mungu wangu! Kuna nini tena?"

"Wakala hagongi mzigo wa ndugu yake. Na wewe sasa ni mume wangu."

Wakatazama foleni ya dirisha la pili. Ilikuwa imezunguka jengo, na saa ya ukutani haikuwa na huruma. Mbele kabisa, mtu wa tatu kutoka dirishani, alikuwa Mjomba, amerudi kwenye nafasi yake na karatasi za sabuni kifuani. Akawaona. Akatazama karatasi zake, akatazama saa, akaguna kama mtu anayeng'olewa jino.

"Njooni hapa," akasema. "Simameni nilipo. Mimi naenda mwisho."

"Mjomba, sabuni yako haitavuka leo," Bi Mhuri akasema.

"Sabuni haiozi, mwanangu. Pita na mumeo."

Mhuri ukagongwa saa kumi kasoro dakika sita, na lori likavuka. Saa kumi kamili dirisha likashushwa, watu zaidi ya thelathini bado wamesimama, Mjomba wa mwisho. Maharusi wakamwendea kumshukuru. Akawakumbatia wote wawili, akajifuta macho kwa karatasi zake za sabuni.

"Hongereni, wanangu," akasema. "Kuanzia kesho sabuni imepanda bei, hata kwenu."